Chake Chake, Kizimbani, Paje au mikarafuuni Pemba: uende wapi kuyaona maisha ya shamba?

Mtoto aliyekulia Kiembesamaki au Kariakoo anaijua karafuu kwa kuiokota kwenye pilau na kuiweka pembeni ya sahani. Nazi anaijua ikiwa imeshakunwa, na muhogo ukiwa umeshaungwa kwa tui. Mzazi wake anapotaka kumwonesha vilikotoka, mwalimu anapotaka kuwatoa wanafunzi wake darasani, au mgeni wa Bara aliyezoea Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam anapouliza huku kuna nini cha namna ile, majibu huwa mengi na kila mtu husifia kwao.

Unguja na Pemba elimu ya shamba imetawanyika. Kipande kimo ndani ya ngome, kipande kwenye mashamba ya kuoneshea wageni, kipande ufukweni maji yakishatoka, na kipande kikubwa kimo kwa watu wenyewe wakiwa kazini. Hapa ninalinganisha sehemu nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia, kwa vigezo vile vile.

Vigezo ni vitano. Kwanza, unachokiona ni cha lini, maana si kila tunachokiita cha jadi kina umri mmoja. Pili, nani anakueleza: maandishi ukutani, mtembezaji, au mwenye jembe lake. Tatu, mkono wako unashika nini. Nne, majira na saa. Tano, njia na mfuko. Kigezo cha pili ndicho ninachokipa uzito zaidi kuliko vyote, kwa sababu kazi ya shamba ni elimu iliyomo kwenye mikono ya mtu, na mtu huyo asipokuwepo, jembe lililotundikwa ukutani linabaki chuma na mpini.

Sehemu zenyewe

*Makumbusho ya Chake Chake, Pemba.* Yamo katika mabaki ya ngome kongwe, jirani na hospitali. Ngome hiyo ni ya karne ya 18, zama za Waomani, na inadhaniwa ilisimamishwa palipokuwa na ngome ya Wareno kabla yake. Sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha hospitali. Vyumba vilivyobaki ni vidogo, vimepangwa kwa mada: historia ya kisiwa, magofu yake kama Ras Mkumbuu, na utamaduni wa Waswahili.

*Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, Unguja.* Hii ndiyo sehemu maarufu kuliko zote. Unatembezwa kati ya mimea, unavunjiwa jani unuse, unabanduliwa gome uonje, na mwisho unakatiwa matunda.

*Pwani ya Paje na Jambiani, Unguja.* Huku kilimo kimo baharini. Kina mama hulima mwani kwenye maji mafupi, na kijijini bado utakuta kazi za mnazi kama kusuka makuti, kufukia makumbi (maganda ya nje ya nazi) na kusokota kamba za usumba, yaani nyuzi zake.

*Mashamba ya karafuu Pemba wakati wa mavuno, pamoja na kiwanda cha mafuta cha Wawi.* Hapa hakuna tiketi wala mlango wa kuingilia. Unakwenda kijijini kwa ruhusa, unakuta watu wako kazini, kisha unapitia Wawi, karibu na Chake, kuona makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanavyokenekwa kuwa mafuta.

Unachokiona ni cha lini?

Watu wengi wanadhani karafuu ni ya tangu na tangu. La hasha. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na jina linalotajwa sana katika habari hiyo ni la Saleh bin Haramil, mfanyabiashara aliyekuwa na shamba Kizimbani. Baadaye Sultani Seyyid Said aliyachukua mashamba yake, na yeye ndiye aliyeusukuma mkarafuu ukaenea visiwa vyote viwili. Kwa hiyo ukisimama Kizimbani umesimama pale pale habari ilipoanzia, na hilo ni jambo kubwa ambalo baadhi ya watembezaji hulipita mbio wakikimbilia mdalasini.

Kisha kikaja kimbunga cha Aprili 1872. Kiliivunja mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Ndiyo maana Unguja utaoneshwa mikarafuu michache ya mfano, na Pemba utapita vilima baada ya vilima vya mikarafuu usijue shamba la nani limeishia wapi.

Vanila nayo ina kisa chake. Hapa kwetu hakuna nyuki wa kuichavusha, hivyo kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa kijiti chembamba, asubuhi ya siku ile ile linapofunguka, kwa kuwa halingoji kesho. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius. Mtembezaji mzuri wa Kizimbani atakuonesha namna ya kuinua kile kiwambo kidogo ndani ya ua. Muombe akuoneshe hata kama si msimu wa maua, kwa maneno na vidole.

Mwani ni mchanga kuliko vyote hivyo. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989, upande huo huo wa Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Anayetaka cha kale atasema basi huku si mahali pake. Mimi nasema asiondoke haraka. Zao ni jipya, lakini namna ya kuishi kwa kufuata maji, kujua bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapotoka kidogo tu), kuamka kwa saa ya bahari badala ya saa ya ukutani, ni ya mababu na mababu. Wanawake wa pwani ya mashariki walikuwa wakishuka pwani kutafuta chaza na pweza kabla mwani haujafika.

Na kilicho kikongwe kweli? Hapo Chake Chake ndipo penye nguvu. Makumbusho yanakuunganisha na magofu, na magofu ya Pemba yamesema mengi juu ya kilimo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa Pemba, walikusanya punje zilizoungua motoni na kubaki udongoni. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, uwele ulikuwa mwingi. Chwaka, mji uliofuata baada yake, mpunga ukashika nafasi ya uwele. Yaani wali tunaoupika leo Pemba una historia ya zaidi ya miaka elfu moja kisiwani humo, kabla ya karafuu, kabla ya muhogo ulioletwa kutoka Amerika, kabla ya Wareno na Waomani wenyewe. Ukitoka ngomeni ukapanda gari kuelekea Wete, tazama mabonde ya mpunga kati ya vilima. Hiyo ndiyo jadi yenye umri mkubwa kuliko zote katika ulinganisho huu, na haina kibao.

Nani anakueleza?

Ngomeni unaelezwa na maandishi na mhudumu. Faida yake ni utulivu: unasoma kwa mwendo wako, hakuna anayekuharakisha, na habari zimepangwa kwa mada. Hasara ni kwamba ukuta haujibu swali. Vyumba ni vichache, na mtu aliyekuja kwa ajili ya kilimo tu ataondoka na mengi kuhusu miji na bahari kuliko kuhusu konde. Nashauri umtafute mhudumu na umwombe azungumze juu ya vitu vya nyumbani kwake mwenyewe: kwao walitumia nini kutwangia, kifumbu cha kuchujia tui kilisukwa na nani, chakula kilifunikwa kwa kawa ya namna gani. Watu wa Pemba wakiulizwa kwa adabu hueleza kwa kirefu.

Kizimbani anayekueleza ni mtembezaji. Ni kijana mchangamfu, lugha anazo nyingi, na mara nyingi amekulia jirani na shamba. Anajua matumizi ya kila mmea jikoni na kwenye dawa, anajua zingefuri inavyopaka mdomo rangi na mlangilangi unavyotiwa kwenye manukato. Lakini maelezo yamekwisha kuzoeleka kwa ajili ya wageni, na ukimwachia tu atakupa yale yale anayompa mtalii wa Italia. Mzungumzie Kiswahili tangu mwanzo, muulize nani analima, nani anauza, eka hii ilikuwa ya nani. Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu haifai mtu atoke Kizimbani au Kidichi bila kulisikia. Mashamba makubwa ya karafuu ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa kisheria haikuondolewa mpaka 1897. Hamamu (nyumba ya kuogea) ya Kidichi, aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ni nzuri, na nakshi zake za plasta zinastahili kutazamwa. Lakini mtoto aambiwe pia nani aliyekuwa akilima huko nje ya kuta zake. Halafu aambiwe kilichofuata: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Maneno hayo, "eka tatu", utayasikia mpaka leo vijijini, na ndiyo yanayoeleza kwa nini mashamba ya sasa ni madogo na yana mwenyewe wa karibu. Hayo yote hayaandikwi kwenye kibao cha mdalasini. Uliza.

Paje na Jambiani, ukipata bahati, anayekueleza ni mkulima mwenyewe, na yuko kazini. Atakuambia bei ya mwani kavu imepanda au imeshuka, atakuambia maji yamekuwa ya moto na ile aina yenye bei nzuri haistawi tena kwenye maji mafupi kama zamani. Hiyo ni habari ya leo, imetoka kwa mtu inayemgusa. Atakuambia pia fedha ya mwani ilivyombadilishia maisha: alivyosomesha, alivyoezeka bati. Upungufu ni kwamba yeye ana kazi yake. Maji hayamsubiri, na wewe usimsimamishe.

Mikarafuuni Pemba ndiko kigezo hiki kinakotimia zaidi. Hakuna mtembezaji. Kuna mwenye shamba, wachumaji, bibi anayechambua, na kijana wa kubeba polo (gunia). Kila mmoja anajua kipande chake na atakisema kwa lugha yake. Lakini usitegemee historia iliyopangwa. Hakuna atakayekutajia mwaka wa kimbunga. Ndiyo maana wengi hufaidika zaidi wakipita ngomeni kwanza.

Mkono wako unashika nini?

Ngomeni, karibu hakuna. Vitu ni vya kutazama, na ni haki yake, vinginevyo visingebaki.

Kizimbani unagusa, unanusa, unaonja. Kwa mtoto mdogo hapa hapana mpinzani. Ukimpa kungumanga iliyopasuliwa, akaona basibasi nyekundu imeikumbatia kokwa, hatasahau. Atasukiwa kofia ya kuti na bangili ya kuti, ataonja shokishoki ikiwa ni msimu, na atajua pilipili manga ni mmea unaopanda juu ya mti mwingine. Kinachokosekana ni jasho. Hutamuona mtu akipalilia.

Pwani unaweza kushika kweli. Kina mama wengi hawana ubaya ukiomba kufunga vipande vya mwani kwenye kamba pamoja nao, chini ya mti, kabla ya kushuka pwani. Ukishuka, utaona vigingi vimepigwa mchangani kwa mistari na kamba zimefungwa kati yake. Mwani hukaa majini kama wiki sita, kisha huvunwa, huanikwa, na ukikauka huuzwa nje kwa ajili ya ute wake unaotumika kugandishia vyakula na dawa za meno. Sehemu ndogo hubaki na kutengenezwa sabuni hapo hapo. Ukipanda juu kijijini, omba kuoneshwa makumbi. Hufukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, yakioza hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, na nyuzi zake husokotwa juu ya paja kuwa kamba. Jaribu kusokota hata shubiri moja tu. Ndipo utaiheshimu kamba ya usumba.

Kwenye karafuu nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu ni kazi yenye mikono mingi na kila hatua inaonekana.

Karafuu huchumwa kabla halijafunguka ua, vichwa vikianza kupata wekundu. Mchumaji hupanda na kikapu au pakacha, hulivuta tawi kwa kingoe, na huchuma vishada bila kulivunja, kwa kuwa tawi likivunjika mavuno ya mwaka mwingine yamevunjika nalo. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake hukatika ghafla, na kila msimu kuna wanaoanguka. Kwa sababu hiyo nasema wazi: mgeni asipande, na mtoto asipandishwe ili apigwe picha.

Jioni mzigo hurudi nyumbani na hapo ndipo penye shule. Karafuu hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa idadi ya pishi zake. Kisha watu hukaa kwenye jamvi, wakubwa kwa wadogo, kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Viganja huenda haraka hata usione vimefanya nini, na mazungumzo hayakatiki. Hapo mgeni anakaribishwa kukaa na kuchambua, na hakuna atakayekucheka kwa kuwa mzito. Asubuhi zinaanikwa juani kwa siku kadhaa, zinageuzwa, na wingu likionekana kila mtu hukimbilia kuanua, maana karafuu iliyonyeshewa huharibika rangi na kupoteza bei. Zikishakauka zinapelekwa kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa, na hapo hutazamwa usafi na daraja lake.

Makonyo hayatupwi. Yanakwenda Wawi, ambako hupikwa kwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yakatenganishwa na maji. Omba ruhusa kwanza mlangoni. Ukifika siku mitambo imewashwa, harufu utaisikia kabla hujaliona jengo. Ni vizuri mtoto aone kwamba shina dogo lililochambuliwa na bibi kwenye jamvi linaishia kwenye chupa ya dawa ya jino.

Tahadhari moja: ukipewa konzi ya karafuu mbichi unuse, pokea na ushukuru, lakini usinunue karafuu ya kubeba kwa watu. Biashara yake inasimamiwa na serikali, na kusafirisha bila kibali ni kosa linaloweza kumtia mwenyeji wako matatani kabla yako. Nunua zilizofungashwa, kwenye maduka yanayoruhusiwa.

Majira na saa

Ngome iko pale pale masika na kiangazi. Ni mahali pa siku ya mvua, na nusu siku inatosha na kubaki.

Mashamba ya viungo pia hufunguliwa mwaka mzima, ila masika, Machi hadi Mei, udongo wa kinongo huteleza sana na wazee hupata taabu. Nenda asubuhi, kabla magari ya watalii hayajafika, ndipo mtembezaji ana nafasi ya kuzungumza.

Pwani inakutaka uangalie mwezi. Kazi ya mwani hufanyika maji yakiwa makavu kabisa, yaani siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Ukienda siku za maji mafu utaona bahari tu na vichwa vya vigingi. Piga simu kwa mtu wa Paje au Jambiani uulize maji yanatoka saa ngapi. Saa hiyo hubadilika kila siku, na ndiyo itakayoamua uondoke mjini saa ngapi.

Karafuu ndiyo yenye masharti magumu kuliko yote. Mavuno kwa kawaida huanza mwezi wa Julai na kusogea hadi mwisho wa mwaka, na miaka ya neema hufika Januari, lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Kuna mwaka matawi yanainama na kuna mwaka unakuta majani. Usikate tiketi ya boti kabla hujapata habari kutoka kwa mwenyeji wa huko. Ukikosa karafuu, Pemba haikosi jengine: mpunga wa masika ukikaribia kuiva kuna watu kondeni juu ya dungu wakiamia ndege, na baada ya vuli, karibu Desemba hadi Februari, vijiji kama Wingwi na Chwale huwa na mchezo wa ng'ombe.

Kwa sehemu zote nne, Ramadhani pangilia tofauti. Mchana kazi hupungua na chakula hakipatikani kirahisi. Lakini mazungumzo ya baada ya futari ni mazuri ajabu.

Njia na mfuko

Kwa anayeishi mjini Unguja, Kizimbani ndiyo karibu, kama kilomita 15, na kiingilio hupatanwa na mwenye shamba au hulipwa pamoja na gari. Mwenyeji ajitambulishe kuwa mwenyeji, bei si moja. Weka kidogo kwa aliyekwea mnazi na aliyesuka kofia, kwa kuwa hao mara nyingi hawamo katika bei ile.

Paje ni kama kilomita 50. Daladala za Jambiani na za Bwejuu zote hupita Paje, hivyo hii ndiyo safari rahisi kwa kijana asiye na gari. Kuingia kijijini hakuna tiketi. Mama aliyekupa saa yake mnunulie sabuni au mpe cha mkono kwa heshima.

Pemba ina gharama ya kuvuka. Boti hufika Mkoani na kutoka hapo hadi Chake ni kama kilomita 30 kwa daladala. Ndege hufika uwanja ulio jirani na Chake Chake. Makumbusho yenyewe ni bei ndogo, kinachokula fedha ni safari na malazi, hivyo haina maana kuvuka kwa ajili ya ngome pekee ukarudi. Kwa wanaoishi Pemba hesabu inageuka: ngome na mikarafuu viko mlangoni, na Kizimbani ndiyo ya mbali.

Ukienda kijijini na kundi, hasa wanafunzi, pita kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile (shehia). Si urasimu. Ndiye atakayekuelekeza kwa mtu mwenye nafasi siku hiyo, na wenyeji watakupokea kama mgeni wa shehia badala ya mpita njia mwenye kamera. Shikamoo itangulie swali, na ruhusa itangulie picha.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo na asubuhi moja tu Unguja: Kizimbani, na upitie hamamu ya Kidichi kama bado wana nguvu. Ongeza mwenyewe habari za 1897 na za eka tatu kwa kipimo cha umri wao.

Wewe ni mwalimu wa skuli ya Unguja: Paje au Jambiani itakupa somo la sayansi, jiografia na uchumi kwa pamoja, ila ratiba ya skuli ikubali kufuata bamvua. Kama siku zilizoruhusiwa zimeangukia maji mafu, badilisha uende Kizimbani, ambako pia kuna taasisi ya utafiti wa kilimo unayoweza kuiandikia barua mapema.

Wewe ni mwalimu wa Pemba: anza ngomeni asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha wapeleke wanafunzi Wawi. Watoto wengi wa Pemba wameshachambua karafuu nyumbani kwao. Wanachohitaji ni kujua zinakokwenda na zilikotoka.

Umekuja na mzee asiyeweza kutembea sana: ngome ya Chake ni fupi, ila uliza kwanza kuhusu ngazi. Jambiani kijijini, juu ya baraza, kwenye kamba na makuti, ni pazuri zaidi kwake. Na usishangae akichukua nyuzi akaanza kusokota yeye.

Mwana wa visiwani unayeishi nje, umerudi kwa wiki mbili au tatu na unataka wanao waijue asili yao: ikiwa ni kati ya Julai na Desemba na habari za mavuno ni nzuri, vuka Pemba. Lala kwa jamaa kama wapo, ukae jamvini jioni. Ikiwa umekuja masika, Pemba bado inafaa kwa ngome, magofu na mabonde ya mpunga, ila chukua viatu vya matope.

Mtafiti au mpenda historia: ngome kwanza, kisha magofu ya Chwaka au Ras Mkumbuu, kisha shamba lolote la Pemba lenye mzee aliyepewa eka zake baada ya Mapinduzi. Wazee hao wanapungua. Nenda na daftari, na umsomee ulichoandika kabla hujaondoka ili akurekebishe.

Na kama una siku mbili Unguja na maji yanatoka asubuhi, anza na Paje siku ya kwanza, Kizimbani iwe siku ya pili. Ukianza na Kizimbani utajaa majina na harufu. Ukianza na pwani, utafika Kizimbani na maswali ya mtu aliyeona kazi, na mtembezaji ataona mara moja kwamba anazungumza na msikilizaji wa namna nyingine.